Kilima cha mawe kiwe kivutio na kibaki kilima: mwongozo kamili kwa vikundi vya Mwanza

Wageni wetu wa kwanza walikanyaga dagaa.

Walikuwa watano, wanafunzi wa chuo. Sisi vijana saba wa kikundi tulijipanga mbele na nyuma kama askari wa gwaride, fulana mpya, filimbi shingoni. Tulipofika kwenye jiwe bapa la katikati ya kilima, lile tulilokuwa tumelibatiza "jukwaa", tukalikuta limetandazwa dagaa ukingo hadi ukingo, wameanikwa tangu saa moja asubuhi. Pa kupita hapakuwepo. Tukawaambia wageni wapite pembeni, polepole. Mama mwenye dagaa akatoka na ufagio mkononi, akatuuliza: "Wanangu, jiwe hili mmelinunua lini?"

Tulimlipa madebe mawili. Ikaondoka pesa yote ya siku ile na nyingine tukakopa. Lakini kosa lilikuwa limefanyika miezi mitatu nyuma, tulipoanza na fulana na picha za mtandaoni kabla ya kwenda kumwamkia mama yule. Mpangilio wa mwongozo huu ndio ambao tungeufuata kama kungekuwa na mtu wa kutuambia. Unamfaa mtu mwenye kikundi na kilima cha mawe karibu naye, iwe ni Nyamagana, Ilemela, Magu, Ukerewe au ng'ambo Sengerema. Ukiwa na mtaji wa kujenga hoteli, kuna sehemu zitakuhusu na nyingine utaziruka.

Jua unachouza

Mwanza ipo kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lenyewe lipo karibu na kimo hichohicho. Vilima vyetu vinainuka kidogo tu juu ya hapo. Anayetaka kimo aende Kilimanjaro, mita 5,895, akalale njiani siku tano au sita. Kwetu mtu anapanda asubuhi na saa nne ameshashuka, anakunywa chai. Usione haya kwa hilo, ndiyo nguvu yako: hauhitaji mahema, hauhitaji wapagazi, na mgeni hahitaji mazoezi ya miezi miwili.

Wageni wako ni watu waliopo tayari. Wapo wanaoelekea Serengeti kupitia lango la Ndabaka na wamebaki na nusu siku mjini. Wapo waliokuja kwenye semina, harusi au msiba na wanataka kunyoosha miguu. Wapo wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT pale Malimbe. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, karibu kilomita tatu juu ya maji, watu wa Geita na Sengerema wanaingia mjini bila kusubiri kivuko, na Jumamosi familia nzima inakuja na kurudi. Kwa hiyo panga bei kwa shilingi, andika vibao kwa Kiswahili kwanza, na usimtegemee Mzungu mmoja wa mwezi Agosti.

Usijaribu kurudia kilichopo. Saanane ipo hatua chache kwa boti kutoka Capri Point. Ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na ni hifadhi ndogo kuliko zote nchini. Bujora, pale Kisesa, ina makumbusho ya Wasukuma na ngoma za Bulabo kila mwaka. Hao ni majirani wa kupeana wageni. Aliyetoka Saanane asubuhi anaweza kuwa wako jioni.

Kitembee kilima mara nne

Kabla ya mkutano wowote, panda kilima hicho alfajiri, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, na mara moja saa moja baada ya mvua kukatika. Nenda na daftari. Alfajiri utaona nani anapita na ndoo na nani anapita na jembe. Mchana utajua kivuli kiko wapi. Jioni utajua ni pembe ipi inaonyesha ziwa likigeuka rangi. Baada ya mvua utaona maji yanashukia wapi, na hiyo ni habari ya thamani kuliko zote nne.

Ujue pia jiwe lako limetoka wapi, maana mgeni atauliza: "Nani aliyapanga hivi?" Hayakupangwa na mtu. Haya ni mawe ya itale (graniti), sehemu ya mwamba wa kale sana uliobeba katikati ya Tanzania, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwamba ulikuwa chini ya ardhi, una nyufa za wima na za ulalo kama mkate uliokatwa. Maji yakaingia kwenye nyufa kwa muda mrefu mno, yakaozesha pembe za kila kipande, kati kukabaki pagumu. Baadaye mvua ikabeba udongo uliooza, na vile vipande vya duara vikabaki vimekaliana, kimoja juu ya kingine. Jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga ni kazi hiyohiyo ya maji. Jina tu ndilo Wajerumani walilolibandika, la Otto von Bismarck, chansela wao.

Maelezo hayo yana kazi kwenye usalama. Jiwe lililokaa juu ya udongo halijamaliza kusogea. Piga magoti utazame chini yake: ukiona udongo umechimbwa na maji, au ufa mpya ambao rangi yake ya ndani ni nyeupe kuliko jiwe la nje, njia isipite chini ya jiwe hilo kabisa. Vivyo hivyo pale penye alama za moto. Wapasua mawe wetu huwasha moto juu ya mwamba, mara nyingi kwa magurudumu yaliyochakaa, mpaka ubabuke, kisha nyundo. Mwamba uliowahi kuchomwa unaweza kubanduka gamba hata miaka baadaye.

Jua kilima ni cha nani

Hapa ndipo vikundi vingi vinapokwama, na wengine hawajui kwamba wamekwama mpaka waanze kupata pesa.

Kama kilima kipo kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiachia halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na neno la mwisho linapitia mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote. Barua ya mwenyekiti peke yake haikutoshi, hata akiwa mjomba wako. Omba ajenda iingie kwenye mkutano mkuu, jadilini mbele ya watu, na mhakikishe muhtasari umeandikwa na kusainiwa na mna nakala yake. Mwenyekiti hubadilika kila uchaguzi. Muhtasari unabaki.

Mjini mambo ni tofauti. Mtaa una mwenyekiti na kamati, lakini ardhi ipo chini ya halmashauri ya jiji au manispaa, hivyo baada ya mtaa mnakwenda kwa watu wa mipango miji na afisa mazingira. Na vilima vya mjini vina watu. Mabatini, Igogo, Isamilo, Kirumba: nyumba zimepanda mpaka katikati ya mawe, na ngazi unayoiona "nzuri kwa picha" ni njia ya mtu kwenda chooni kwake.

Ulizia mambo manne bila kuona aibu. Je, kuna leseni ya kuchimba mawe au kokoto juu ya kilima hicho? Ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa itakuambia. Je, ni sehemu ya msitu wa hifadhi? Waulize TFS, wakala wa misitu wa serikali. Je, njia au kibanda chako kitakuwa ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa? Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo 60, kwa hiyo benchi la zege ufukweni usilijenge. Na je, kuna mahali pa matambiko? Hilo waulize wazee, mmoja mmoja, nyumbani kwao, na uende na mtu wanayemheshimu. Ukiambiwa "pale hapaendeki", usibishane wala usiombe sababu. Pitisha njia kwingine na usiwaonyeshe wageni kwa kidole.

Mkikuta michoro ya kale kwenye kuta za mwamba, msiiguse, msiimwagie maji ili ing'ae kwenye picha, na mtoe taarifa Idara ya Mambo ya Kale kupitia afisa utamaduni wa wilaya.

Kaa na wanaokula kutoka kwenye jiwe

Turudi kwa mama yangu wa dagaa. Kilima kwa macho ya mgeni ni mandhari. Kwa mama yule ni kitanda cha kuanikia, tena kitanda bora, maana jiwe hushika joto, halina mchanga, na upepo wa ziwa unapita juu yake. Jirani yake anaanika udaga wa mihogo na michembe, yaani vipande vya viazi vitamu, hapohapo. Chini kidogo kuna akina mama wanaponda kokoto chini ya kivuli cha gunia, na watoto wanachunga mbuzi.

Fanya orodha ya kila anayekitumia kilima, lini na kwa saa zipi. Kisha ulizeni swali hili kwenye kikao: "Tukipitisha wageni hapa, nani anapoteza nini?" Ukiuliza "Je, mnautaka utalii?" kila mtu atajibu ndiyo, maana hakuna anayetaka kuonekana anapinga maendeleo. Swali la hasara ndilo linaloleta maneno ya kweli.

Sisi tulipokuja kuliuliza, tukiwa tumechelewa, ulipatikana mkataba rahisi. Jiwe bapa ni la kuanikia. Njia ya wageni inalizunguka kwa juu kama mita kumi na tano, na kutoka huko mgeni anaona dagaa wanang'aa kama bati, picha ambayo hakuna aliyeipanga. Akitaka kushuka kuongea na mwenye dagaa, anaomba, na akikubaliwa ananunua kisado.

Kuhusu wapiga kokoto, ushauri wangu unatofautiana na wa maofisa wengi. Usianze kwa kuwafukuza. Ukimfukuza leo atarudi usiku, na usiku atapasua jiwe zuri zaidi. Wale watu wanaijua itale kuliko mtu yeyote: wanajua inapasukia upande gani, wanaweza kuchonga kipande kikalala sawasawa bila saruji. Hao ndio mafundi wa ngazi na mifereji ya njia yako. Kubalianeni mpaka wa machimbo, upigieni mstari wa mawe yaliyolala, mtafute mawe yaliyokwisha kuanguka yatumike kwanza, na walipeni kwa siku. Hawataacha kokoto wote. Kwetu wameacha wanne kati ya tisa, na mpaka unaheshimiwa karibu siku zote.

Wasukuma tuna mfano wa nyumbani wa makubaliano ya namna hii. Ngitili, yale malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi, yalirudisha miti Shinyanga kuanzia mwaka 1986 chini ya mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kwa sababu kanuni zilikuwa za wenyewe na walinzi walikuwa wenyewe. Kilima cha wageni kiendesheni kama ngitili: mna mipaka, mna msimu wa kufunga, na mna faini inayojulikana na kila mtu.

Weka idadi kabla ya tangazo

Hesabu hii ifanyeni kwa miguu. Chukua wanakikundi na majirani, panda nao hadi kileleni, wakae chini kwa raha bila mtu kukaribia ukingo kwa chini ya mita mbili. Hesabu wangapi wameenea. Kwetu walienea 24. Ukiondoa nafasi ya kupishana, tukasema wageni 16 kwa wakati mmoja, yaani makundi mawili ya watu wanane, kila kundi na waongozaji wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma.

Makundi yanapishana nusu saa. Asubuhi tunatoa matatu: saa 12:00, 12:30 na 1:00. Jioni mawili: saa 10:00 na 10:30. Jumla ni makundi matano mara wanane, wageni 40 kwa siku, basi. Sikukuu moja walikuja zaidi ya mia wakitaka kupanda na tukawarudisha wengi wao. Tulitukanwa. Wiki iliyofuata nusu yao walirudi kwa kuweka nafasi.

Njia

Mvua ndiyo adui wa njia, miguu inamfungulia tu mlango. Watu wanapenda kupanda moja kwa moja, na njia iliyonyooka kushuka kilima inageuka mfereji msimu wa kwanza tu. Ipitishe kwa kukatisha mteremko: katika kila hatua kumi za kwenda mbele, usipande zaidi ya kimo cha hatua moja. Pasipowezekana, jenga ngazi za mawe yaliyolala. Kila baada ya mita kumi hadi kumi na tano weka mstari wa mawe uliokatisha njia kimshazari, umezikwa nusu, ili maji yatoke pembeni kabla hayajapata mbio. Upana wa mita moja unatosha.

Ongoza miguu juu ya jiwe tupu kila inapowezekana. Jiwe halichakai kwa viatu. Udongo mwembamba ulio kati ya mawe ndio unaochakaa, na ndio wenye mizizi. Yale madoa ya kijivu na ya chungwa juu ya mwamba ni viumbe hai vinavyokua kidogo mno kwa mwaka, kwa hiyo msivikwangue wala kuandika majina.

Na rangi ya mafuta acheni dukani. Sisi tulichora mishale myekundu 31 juu ya mawe tukaona tumemaliza kazi. Mshale ukishachorwa juu ya itale hautoki. Tumesugua kwa brashi ya waya, mpaka leo ukipita utaona vivuli vya waridi. Kibao cha mbao kwenye kona, au mawe matatu yaliyopangwa, yanatosha, tena mgeni ana mwongozaji.

Choo, maji na taka

Juu ya mwamba huwezi kuchimba shimo. Chaguo la kwanza ni choo cha chini ya kilima, na kila mgeni aambiwe kabla ya kuanza: "Juu hakuna." Kama safari yenu inazidi saa tatu, jengeni choo cha mboji chenye vyumba viwili vilivyoinuliwa juu ya jiwe. Kinatumika chumba kimoja, majivu yanamwagwa kila baada ya matumizi, kikijaa kinafungwa mwaka mzima huku kingine kikitumika, kisha kinatoka kikiwa kama udongo wa shamba. Kiwe angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi, na kamwe kisielekee kwenye mkondo unaokwenda ziwani.

Kuhusu maji ya kunywa, wageni wajaze chupa zao kwenye ndoo yenye bomba mliyoweka chini, maji yaliyochemshwa. Chupa za dukani zinapanda na wageni na mara nyingi hazishuki. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini pakiti za bisikuti na chupa hazikupigwa marufuku, na ndizo utakazoziokota. Kanuni yetu: mwongozaji wa nyuma ana gunia, na kundi halijamaliza safari mpaka gunia limefunguliwa chini na kuhesabiwa.

Msiwalishe pimbi. Wakizoea mikate wanapanda mabegani, na pimbi wengi karibu na njia maana yake ni nyoka wengi karibu na njia.

Usalama

Ziwa Victoria lina radi nyingi sana kuliko maeneo mengi duniani. Usiku upepo wa nchi kavu unakutana juu ya maji na mawingu yanajengeka huko; mchana mambo yanahamia nchi kavu. Kilele cha mwamba mtupu ndiyo mahali pabaya pa kusubiria. Hesabu kutoka kwenye mmweko hadi ngurumo: ikiwa chini ya sekunde 30, shukeni papo hapo, na hakuna kupanda tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mgeni aliyelipa atalalamika. Mrudishie pesa yake.

Itale iliyolowa huteleza kama sabuni, hasa penye ukoga wa kijani, hivyo mvua ya usiku inafuta kundi la saa 12. Nyuki wanakaa kwenye nyufa; waambieni wageni wasijipulizie manukato, wasiwashe sigara, na mwongozaji apite mapema asubuhi kuangalia kama wamehamia karibu na njia. Kila mwongozaji awe na simu yenye chaji, bandeji, na namba ya bodaboda na ya gari lililokubali kuja kilimani. Machela mnaweza kutengeneza kwa miti miwili na turubai, na mfanye zoezi la kumshusha mtu mzito. Zoezi letu la kwanza lilichukua dakika 50. Sasa ni 22. Kesi kubwa zinakwenda hospitali ya Bugando.

Kama safari inaishia majini, kila mtu avae boya kabla boti haijaondoka, bila kujali ni mita ngapi. Mkoa uliozika watu waliozama na MV Bukoba, Mei 21, 1996, na wa MV Nyerere pale Ukara, Septemba 20, 2018, hauna sababu ya kubishana juu ya maboya. Wageni wanaotaka kuogelea waelezwe juu ya kichocho, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na kwamba wakishaogelea wakapime baadaye.

Usajili, kwa kifupi

Anza na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kikisajiliwa halmashauri kinaweza kuomba mkopo wa asilimia kumi, ile nne ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu. TIN, namba ya mlipakodi, mnapata TRA. Mkitaka kampuni mnakwenda BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Kuongoza watalii kama biashara kunahitaji leseni ya utalii kutoka Wizara ya Maliasili na Utalii. Bodi ya Utalii ina programu ya utalii wa kitamaduni iliyoanza miaka ya 1990 pamoja na SNV, shirika la maendeleo la Uholanzi, na vikundi vya Lushoto na vya Kaskazini vimepita humo. Waandikieni, au bora zaidi nendeni mkatembee na kikundi kimoja siku mbili muone wanavyogawana kazi.

Bei na mgao

Chukua kundi la watu sita, kila mmoja analipa shilingi 15,000. Hiyo ni 90,000. Waongozaji wawili 15,000 kila mmoja, 30,000. Chai, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa) kwa mama lishe, 5,000 kwa mgeni, 30,000. Zinabaki 30,000: kumi za njia na usafi, kumi za kijiji au mtaa, kumi za akiba ya ajali. Tarakimu ni mfano wetu, zenu zipangeni wenyewe, ila msiache mfuko wa njia uwe "kitakachobaki", kwa sababu hakibaki kitu.

Wageni walipe kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, si ya katibu. Kila mwisho wa mwezi bandikeni mapato na matumizi ubaoni kwenye ofisi ya mtaa, kwa mkono, kwa herufi kubwa. Mara ya kwanza mtu mmoja tu alisoma wetu. Alikuwa mama wa dagaa, na alikuta tumekosea hesabu ya 4,000.

Maneno ya mwongozaji

Fundisheni waongozaji kuonyesha vitu vitatu vizuri kuliko ishirini vibaya. Yule mjusi wa kichwa chekundu na mwili wa buluu anayepiga pushapu juu ya jiwe ana jina la kisayansi lenye mji wetu ndani, Agama mwanzae, alilopewa mwaka 1923. Saanane limetokana na Saanane Chawandi, mtu aliyekuwa akiishi kisiwani kabla ya wanyama. Mpelelezi Mwingereza, John Speke, aliliona ziwa hili Agosti 1858 akiwa juu ya kilima cha huku kwetu, akalipa jina la malkia wake, ingawa waliokuwa wamesimama pembeni yake walikuwa na jina lao, Nyanza. Huko Ukara kuna jiwe la Nyaburebeka, ambalo wenyeji husema hucheza.

Msichojua msikitunge. Mwenzetu mmoja alikuwa akiwaambia wageni kuwa mtemi fulani alizikwa chini ya jiwe letu. Siku moja mgeni alikuwa mjukuu wa ukoo huo.

Picha za watu, hasa watoto na wanaofanya kazi, ni kwa ruhusa. Pipi kwa watoto hapana. Mgeni mwenye moyo anunue madaftari, ampe mwalimu.

Pima, kisha funga

Chagueni sehemu tano za njia, pigeni vigingi viwili kila moja, na kila mwezi pimeni upana kwa futi kamba na kupiga picha kutoka mahali palepale. Njia ikizidi mita moja na nusu mahali popote, funga kipande hicho kwa kamba na ukipitishie watu kwingine. Andikeni pia idadi ya wageni, chupa zilizookotwa, na malalamiko ya majirani, hata yale yaliyosemwa kwa utani.

Sisi tunafunga kilima mwezi mzima wa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Hakuna mapato mwezi huo, kwa hiyo tunaweka asilimia fulani kila mwezi mwingine ili waongozaji wapate kitu wakati wanazibua mifereji. Mwaka huu sehemu ya pili ilikuwa na upana wa sentimita 160 Machi na 115 Mei. Ya tano, pale juu karibu na kilele, ilikuwa 170 na imebaki 170. Kamba bado ipo hapo, na tutaiacha mpaka mvua za vuli zipite.